Jiwe la Tarakimu Tisa

Simu iliyoingia kituo cha polisi cha Halvad Jumatatu ile saa nne asubuhi ilisema kwamba mwalimu wa hesabu amekaa chini mbele ya jiwe na hataki kuondoka. Inspekta Devshi Rabari aliuliza mara mbili kama mwalimu huyo ana silaha. Akaambiwa hana, ana jiwe tu. Inspekta akamaliza chai yake bila haraka, akamwita Konstebo Falguni, wakapanda jipu.

Uani mwa shule ya wasichana, vijana walikuwa wanafunga turubai na kupanga viti mia mbili. Mashada ya maua ya manjano yalikuwa yamelala kwenye ndoo za maji yakisubiri kutundikwa. Karibu na jukwaa palisimama jiwe la rangi ya asali, limefika kifua cha mtu mzima, na mbele yake alikaa mama wa miaka sitini hivi amekunja miguu. Ncha ya sari yake alikuwa ameirusha juu ya jiwe, likafunikwa katikati kama mtoto aliyelala.

Aliyewapokea ni Jaysukhbhai Doshi, muuza vitambaa, mwenyekiti wa wakfu unaoendesha shule. Alikuwa na kijasho chembamba na hakumung'unya maneno. Yule mama ni Vasumatiben Oza. Amefundisha hesabu hapo miaka thelathini na minne na leo ndiyo siku yake ya kuagwa. Wakfu ulimuuliza anataka zawadi gani. Wenzake wote waliotangulia waliomba shali au saa ya ukutani, kama watu wenye akili zao. Yeye aliomba namba. Aliiandika kwenye karatasi, akasema ichongwe kwenye jiwe, na maana yake ataieleza mwenyewe mbele ya wageni saa kumi na moja jioni.

"Asubuhi amekuja kuliona," alisema Jaysukhbhai. "Ameliangalia, amelia, amekaa. Kuanzia hapo ni kama mlivyomkuta. Mtoeni."

"Yeye anasemaje?"

"Hasemi. Leo Jumatatu."

Halvad nzima ilijua hilo. Vasumatiben ana nadhiri ya ukimya: kila Jumatatu hafungui kinywa mpaka taa ya jioni iwashwe, na kwa kuwa ni mtu wa kufanya mambo kikamilifu, haandiki, haashirii, wala hatikisi kichwa. Hajaivunja kwa miaka kumi na tisa. Mwaka ule jiko lake liliposhika moto aligonga sufuria mpaka majirani wakaja, na hadi leo wapo wanaobishana kama kugonga sufuria ni kusema.

Jaysukhbhai akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa mkataba wa miaka miwili. Mwezi wa sita shule ingefungua darasa la sayansi kwa wasichana, la kwanza mjini, na Vasumatiben ndiye angelifundisha hesabu. Saini ya mwenyekiti ilikuwa bado. Alieleza kwamba hawezi kumkabidhi darasa mtu aliyeomba namba isiyo na kichwa wala miguu, kisha akailia. Mgeni rasmi, ofisa wa elimu wa wilaya, ataondoka Morbi saa kumi. Kabla ya hapo mwenyekiti atampigia simu asije, na mkataba ataurudisha kabatini.

"Na darasa?" aliuliza Falguni.

"Bila yeye hakuna darasa. Nani mwingine nitampata kwa mshahara ule?"

Inspekta alikwenda akachuchumaa mbele ya yule mama. Alimwamkia kwa viganja vilivyokutana, akamwita dada kwa heshima, "Ben, mimi nitauliza, wewe usijibu. Tutaelewana." Kisha akainua ncha ya sari kwa vidole viwili. Jiwe lilikuwa limechongwa vizuri, tarakimu za kina zenye kingo safi:

232792561

Alilitazama jiwe, akamtazama mwalimu, akarudisha sari mahali pake na kusimama.

"Hakai hapa kwa kuwa amerukwa na akili," alimwambia Jaysukhbhai. "Ameligeuzia jukwaa mgongo na jiwe amelifunika. Zawadi unayoipenda hufuniki siku ya kuonyeshwa. Namba hii imekosewa, na hana njia ya kutuambia."

"Au ni kichwa chake ndicho kimekosewa."

"Basi tupate karatasi yake, tulinganishe. Iko wapi?"

Haikuwepo. Mwalimu aliiandika moja tu, na ilikwenda kwa mchonga mawe wiki mbili zilizopita. Falguni alimpigia mchongaji simu mara saba. Mara ya nane ikapokelewa, zikasikika ngoma, ikakatika.

Huku nyuma uchunguzi wa wananchi ulikuwa umekwishaanza. Mlinzi wa geti alikuwa na hakika kwamba hiyo ni namba ya simu iliyopungua tarakimu moja, na tangu asubuhi alikuwa ameongeza mwishoni sifuri, moja, mbili, mpaka tisa, akazipiga zote, na salio lake likaisha bila kumpata mtu. Mpishi alisema ni tarehe. Hakuweza kusema tarehe ya nini, lakini alishikilia hapo hapo.

Inspekta akauliza karatasi ilipelekwa na nani.

Ilipelekwa na Kirit Pandya, mwalimu wa fizikia, kijana mwenye nywele zilizopakwa mafuta na pikipiki mpya. Inspekta alimhoji ndani ya darasa tupu, yeye amekaa kwenye meza ya mwalimu na Kirit kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakimgusa kidevu. Falguni alikuwa ameshapeleleza kidogo uani na alikuwa na la kusema kabla ya yote.

"Saheb, huyu ana kituo cha masomo ya ziada nyuma ya soko," alisema. "Darasa la shule lisipofunguliwa, wasichana wote watakwenda kwake."

"Kweli?" Inspekta alimuuliza Kirit.

"Kituo ninacho. Si kosa."

"Karatasi uliishika wewe?"

"Nusu saa. Kutoka hapa mpaka kwa Premji mistri, mchonga mawe."

"Uliifungua?"

"Nani asingeifungua?"

"Iliandikwa nini?"

"Ilianza na ishirini na tatu. Saheb, nani anakariri tarakimu tisa akiwa kwenye pikipiki? Nilidhani labda ni namba ya jeshi ya marehemu mumewe."

"Ulibadilisha kitu?"

"Ningebadilisha nini, wakati sikujua hata ni kitu gani? Mtu huharibu anachokielewa."

Jibu lilikuwa zuri, na Inspekta hakulipenda kwa sababu hiyo hiyo. Alimwambia Kirit abaki palepale. Akachukua chaki, akaiandika ile namba ubaoni, akasimama akiikodolea macho huku akijikuna shingo. Sasa ni lazima isemwe kwamba huyu Inspekta, enzi zake, alifeli hesabu mara mbili, na shuleni kwao hilo lilikuwa jambo la kutolewa mfano. Lakini ni Mrabari, na Warabari ni wafugaji.

"Baba yangu hakujua kuandika jina lake," alisema, "lakini mbuzi mmoja akipotea alijua usiku huohuo. Aliwapitisha langoni wawili wawili, halafu watatu watatu, halafu watano watano. Hakuhesabu jumla. Alikariri wanaobaki. Falguni, hawa ni mbuzi. Wapitishe wawili wawili."

Falguni alikuwa ameshatoa simu na kufungua kikokotoo. "Sihitaji hata kukokotoa. Mwisho kuna moja. Anabaki mmoja."

"Watatu watatu."

Alijumlisha tarakimu zote kwa vidole akapata thelathini na saba. "Anabaki mmoja."

"Wanne wanne."

"Mmoja."

"Watano watano."

"Mmoja." Falguni aliinua kichwa. "Saheb."

"Sita."

"Mmoja tena."

Kwa saba alipiga hesabu mara mbili kwa sababu hakuiamini simu. Alibaki mmoja. Kufikia nane, Kirit alikuwa ameshatoka kwenye dawati bila ruhusa, ameshika chaki yake na anagawanya upande wa pili wa ubao kwa kasi, akisahau kabisa kwamba yeye ni mtuhumiwa. Kwa nane mmoja. Kwa tisa mmoja. Kwa kumi mmoja. Kwa kumi na moja alikuwa na njia yake ya mkato, ya kutoa na kuongeza tarakimu kwa zamu, na aliifanya kwa sauti kama mtu anayeimba. Akapata moja, akacheka peke yake.

"Ngoja nijaribu wakaidi," alisema. "Kumi na tatu. Hakuna kitu kinachogawanyika kwa kumi na tatu kwa hiari yake."

Alibaki mmoja. Kumi na saba, mmoja. Kumi na tisa ilimchukua muda, vumbi la chaki likampaka nywele zake za mafuta, na mwisho wake alipiga duara kwenye moja iliyobaki akageuka. Mlangoni walikuwa wamesimama mpishi, mlinzi na wafunga turubai watatu.

"Haiwezi kuwa bahati," Kirit alisema. "Namba ya kuokota njiani inabakiza hiki na kile. Hii inabakiza mmoja kila mahali. Maana yake ile ya kwanza haikubakiza kitu. Ile aliyoandika ben inagawanyika kwa zote hizi, kavu, na mtu ameiongezea moja. Mwisho wake ni sifuri."

Alikuwa na furaha iliyo wazi kama mtoto aliyepata kishada. Inspekta akamwambia anaweza kwenda kunywa chai.

"Unamwachia?" aliuliza Falguni wakiwa uani. "Sababu anayo. Nafasi alikuwa nayo."

"Mtu mwenye nia mbaya angeharibu katikati, ambako hakuna anayetazama. Na wezi wote ninaowajua huchukua. Huyu kaongeza." Alivaa kofia. "Moja tu, tena mwishoni, kwa adabu. Nataka kujua ni nani mwenye adabu hiyo."

Jaysukhbhai alisikiliza maelezo yote na hakutikisika. Alisema mchezo wa ubaoni si ushahidi, kwamba kwa chaki mtu anaweza kuthibitisha hata kuwa tembo ni panya, na kwamba kama karatasi ilisema sifuri basi aliyeiona karatasi aje aseme. Saa yake ilionyesha saa saba na robo. Vasumatiben hakuwa amesogea. Mpishi alikuwa amemwekea bilauri ya maziwa mgando pembeni, na hakuigusa.

Ngoma zilizosikika kwenye simu zilikuwa za harusi, na harusi ya siku ile ilikuwa moja tu upande ule, kijiji cha Ranmalpar, mwendo wa nusu saa kwa jipu. Premji mistri alikuwa mjomba wa bibi harusi. Walimkuta mbali, katikati ya umati, amevaa kilemba chekundu, akikimbizwa huku na huku na wanawake waliokuwa na madai mengi. Kwetu mjomba ndiye anayemtoa bibi harusi na kumwongoza mpaka kibanda cha ndoa, na hakuna polisi aliyezaliwa ambaye angemshika mkono mjomba katika saa hiyo akarudi nyumbani na mavazi yake mazima. Inspekta alielewa itabidi wangoje. Pia alielewa, kwa jinsi akina mama wa mlangoni walivyomtazama mikono, kwamba amekuja harusini na mikono mitupu.

Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha mwuza soda aliyeuza pia bahasha za harusi. Inspekta akanunua moja, nyekundu yenye maua ya dhahabu. Akatoa noti ya rupia mia tano ili aitie ndani. Alipogeuza bahasha, kidole chake kikagusa kitu kigumu kwenye pembe. Ilikuwa sarafu ya rupia moja, imebandikwa kabisa kiwandani, ili mtu asije akasahau.

Inspekta alisimama na noti mkono mmoja na bahasha mkono mwingine. Mwuza soda alimuuliza kama chenji imepungua.

"Falguni," alisema. "Umewahi kumpa mtu rupia mia tano harusini?"

"Mia tano na moja."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini, Saheb? Mia tano inaishia na sifuri. Ni kama kumwambia mtu yamekwisha, kwaheri. Ile moja ndiyo inayoendeleza. Bibi yangu angenitoa nje na bahasha yang..." Hakumaliza. Alikaza macho kwenye ile sarafu.

Walicheka wote wawili mpaka mwuza soda naye akacheka, ingawa hakujua kilichomchekesha. Kisha walikwenda wakatoa zawadi yao kama watu wenye malezi, wakala puri, chapati ndogo za kukaangwa, na juisi nzito ya maembe, na wakangoja mpaka mjomba amalize kazi yake. Bibi harusi alifikishwa kibanda cha ndoa saa nane na nusu. Premji mistri alipotoka akijifuta uso kwa ncha ya kilemba, aliwakuta wamesimama mbele yake.

Inspekta alimuuliza kwanza kuhusu karatasi. Premji alisema aliibandika kwenye jiwe wakati wa kuchora, maji ya kukatia yakailowesha, ikawa uji.

"Ilikuwa na tarakimu ngapi?"

"Tisa."

"Ya mwisho ilikuwa nini?"

"Sifuri."

"Na ulichonga nini?"

"Moja."

Alijibu bila hata kupepesa jicho, kama mtu aliyeulizwa kama amenawa mikono kabla ya kula.

"Nani alikutuma uchonge moja?"

"Nani wa kunituma, Saheb? Yule mwalimu kijana aliniambia ni zawadi ya kumuaga Vasuben. Nikasoma, nikaona sifuri mwishoni. Nikasema hawa watu wa wakfu wamesoma lakini hawakulelewa. Binti yangu ni mhandisi wa barabara kule Rajkot. Nyumbani tulishamwandalia mchumba akiwa na miaka kumi na sita, na huyu mama alikuja akakaa mlangoni kwangu siku nne mpaka nikamrudisha shule. Mimi nimpe huyu mama zawadi inayoishia na sifuri? Hata ujira sikuchukua. Na namba yenyewe kubwa vile. Moja itaumiza nini?"

Inspekta akamweleza. Alimweleza taratibu, kwa mbuzi, langoni, wawili wawili na watatu watatu, na jinsi sasa kila mara anabaki mmoja amesimama nje. Premji alikaa juu ya kiti cha plastiki na kilemba kikamwangukia jicho moja.

"Nimemharibia," alisema. "Siku yake."

"Patasi zako ziko wapi?"

"Sehemu ya nyuma ya pikipiki. Siendi popote bila patasi."

"Hata harusini?"

"Hasa harusini, Saheb. Kuna wakati unahitaji kisingizio cha kuondoka."

Waliingia uani mwa shule saa kumi kasoro dakika tano, jipu likinuka peremende za harusi ambazo wanawake wa Ranmalpar walikuwa wamelijaza. Jaysukhbhai alikuwa amesimama na simu sikioni. Inspekta alimwomba dakika moja. Premji, na kilemba chake chekundu na shada lake shingoni, alikwenda moja kwa moja akapiga magoti mbele ya Vasumatiben, akashika masikio yake mawili kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, akamwambia yote: karatasi, sifuri, moja, na sababu. Alisema kwa sauti ya chini na watu wote wakasikia.

Vasumatiben alimtazama mistri kwa muda mrefu. Kisha akavuta ncha ya sari yake kutoka kwenye jiwe, akajifunika nayo mabega, akanyanyuka kwa shida kwa sababu magoti yalikuwa yamekufa ganzi, na akaenda kukaa kwenye kiti cha safu ya mbele. Akachukua ile bilauri ya maziwa mgando akainywa yote.

"Hilo ni jibu?" aliuliza Jaysukhbhai.

"Mwenyekiti," alisema Inspekta, "nimehoji watu miaka ishirini na miwili. Sijawahi kupata jibu refu kuliko hilo."

Jaysukhbhai alikata simu, ila hakutoa kalamu. Alisema mgeni na aje. Kama namba ina maana, itaonekana mbele ya watu, na kama haina, itaonekana pia.

Premji alianza kazi. Moja iliyochongwa haiwezi kufutwa, lakini inaweza kumezwa: alichora yai kuizunguka, akachimba ndani yake taratibu, kile kijiti kikawa kinapotea kipande kwa kipande, mpaka ikabaki sifuri ya shimo, iliyozama kidogo kuliko wenzake. Alipiga patasi ya mwisho huku gari la mgeni rasmi likipiga honi getini. Vumbi alilipuliza kwa mdomo, kisha akalipangusa jiwe kwa kilemba cha harusi.

Viti mia mbili vilijaa. Wengine walisimama. Mgeni rasmi, mama mmoja mfupi mwenye miwani mikubwa, aliwasha taa ya shaba jukwaani, utambi baada ya utambi, na uwanja mzima ukageuza vichwa kumtazama Vasumatiben. Alikuja kwenye kipaza sauti na kukishusha kidogo.

"Premji," alisema, "sifuri yako imekaa vizuri."

Watu wakapiga makofi. Mistri alikuwa amesimama nyuma ya jukwaa na alijificha uso.

Aliwaambia kwamba hatawahutubia. Ubao umewekwa pale, wasichana wake wawili wana chaki. Yeyote ataje namba yoyote kuanzia moja, nao watagawanya. Mtu wa nyuma akataja saba, wakagawanya, hakikubaki kitu. Mwingine akataja kumi na mbili. Kirit, aliyekwishalijua jibu, akataja kumi na tisa kwa sauti kubwa na akawageukia jirani zake kuona watakavyoshangaa. Mgeni rasmi alisahau itifaki akataja kumi na sita, halafu ishirini na moja, halafu ishirini na mbili, na kila mara ubao ulipoishia na sifuri makofi yalizidi. Wazee ambao hawakugawanya kitu tangu utoto walikuwa wamesimama juu ya viti.

"Darasa langu la kwanza hapa lilikuwa na wasichana ishirini na wawili," alisema Vasumatiben kelele zilipopungua. "Nikiwagawa watatu watatu, mmoja anabaki. Nikiwagawa wanne wanne, au watano watano, wawili wanabaki. Kila siku kuna aliyebaki amesimama akinitazama, na mimi sikulipenda lile jicho. Nikaanza kutafuta namba ambayo ukiigawa vyovyote, kuanzia kwa mmoja mpaka kwa ishirini na wawili, hakuna anayebaki. Ziko nyingi. Hii ndiyo ndogo kuliko zote. Nilikuwa nayo moyoni tangu mwaka ule."

Akina mama wa safu za kati walianza kujifuta macho. Falguni alikuwa mmoja wao na hakujali sare. Hapo ndipo Jaysukhbhai, aliyekuwa amekaa kimya jukwaani mkono juu ya mfuko wa shati, alipoinua kidole.

"Ishirini na tatu," alisema.

Wasichana wakaandika. Walikwenda hatua kwa hatua, uwanja ukahesabu nao, na mwishoni chaki ikasimama. Walirudia. Walibaki kumi na watano.

"Inashindwa," alisema mwenyekiti. Hakusema kwa ubaya, lakini alikuwa mfanyabiashara, na alijua wakati bei inapoanza kushuka.

Vasumatiben alimgeukia. "Inashindwa. Sikuwahi kuwa na wa ishirini na tatu. Jaysukhbhai, darasa la sayansi la mwezi wa sita wameandikishwa wangapi?"

Mwenyekiti akatoa mkataba mfukoni, akaufungua nyuma, pale orodha ya majina ilipobanwa. Alihesabu kwa kidole kutoka juu hadi chini. Akahesabu tena kutoka chini hadi juu, na alipofika mwisho alivua miwani.

"Ishirini na watatu," alisema.

"Basi namba hii haiwatoshi. Itabidi niwatafutie nyingine, na nyingine ni kubwa zaidi. Nitahitaji muda." Aliutupia jicho ule mkataba. "Miaka miwili inanitosha."

"Lakini ben, si ni kuizidisha tu hiyo kwa..." alianza Kirit, na Inspekta Devshi Rabari akamkanyaga mguu kwa buti lake lote la serikali.

Jaysukhbhai aliutazama umati, akamtazama mgeni rasmi, aliyekuwa anampigia makofi yeye sasa. Akashuka jukwaani, akautandaza mkataba juu ya jiwe, na akaomba kalamu.